Bega la Kushoto la Malkia

Arseni Lukich alikuwa amemchora malkia wa mchezo wa kuigiza mpaka mkono ukamuuma, na malkia hataki kuja. Walikuja mabibi tu. Mabibi wazuri, wenye majoho ya zambarau na mikunjo iliyonyooka kama ya sanamu za makumbusho, lakini hata mmoja wao usingeamini kwamba wanawe wote wameuawa na bado anapumua. Akachana karatasi, akakoroga rangi upya, akaapa kwamba Wagiriki wa kale waende zao na misiba yao. Mwanamume wa miaka hamsini na ushei, ndevu zimeingia mvi, Petersburg nzima inalijua jina lake, anahangaishwa na bibi wa karatasi!

Halafu asubuhi moja theluji ilikuwa inaanguka nje, jiko limekubali kuwaka bila ugomvi, na brashi ikaenda yenyewe. Akachora shingo. Akachora mikono iliyo wazi mpaka mabegani. Juu yake akatupia joho zito la sufu, rangi ya divai iliyolala, limebanwa kwa bizimu moja tu begani, upande wa kushoto. Na bega lile akalishusha kidogo, likawa chini kuliko la kulia. Hakujiuliza kwa nini. Alipomaliza akarudi nyuma kutazama, na hapo akakaa kitini, brashi inamdondoshea rangi kwenye suruali wala hana habari.

Kumbe alikuwa amemchora Glafira.

Si Glafira Tikhonovna wa sasa, ambaye mabawabu wa jumba la maigizo walikuwa wakimvulia kofia. Alikuwa Glasha, kama alivyoitwa ujanani katika mji wa Kostroma. Enzi zile Arseni alipaka mapazia ya kikundi cha waigizaji wa kutangatanga, na Glasha akiigiza wasichana wanaokufa kwa mapenzi, na kila jioni akifa vizuri zaidi ya jana. Utotoni alikuwa ameanguka kutoka juu ya banda la nyasi akavunjika mtulinga, na mganga wa mifupa wa kijijini kwao akauunga hivyohivyo, ovyo. Tangu siku ile bega la kushoto lilikaa chini. Kila nguo ilimteleza upande ule, na yeye akiipandisha bila kufikiri, huku anaongea, huku anakula. Arseni alimpenda kwa ajili ya mambo mengi, lakini lile la kupandisha nguo lilimmaliza kabisa. Akamchumbia. Kisha chuo cha sanaa cha mji mkuu kikamwita, akamwambia nitarudi, na jamani, hakurudi.

Walipokuja kukutana tena, Arseni ameajiriwa kuchora mavazi ya waigizaji na Glafira ndiye mwigizaji mkubwa wa jumba lilelile, waliitana kwa jina na jina la baba, kama watu wazima wenye heshima zao. Ya Kostroma hayakutajwa.

Sasa sikiliza. Mchezo huu wa Wagiriki ulikuwa wa Glafira. Mkurugenzi wa zamani alimwahidi nafasi ya malkia, kisha akastaafu na magonjwa yake, na mahali pake akaja Valerian Ottovich, kijana mwenye miwani ya mnyororo aliyependa kila kitu kiwe kipya. Glafira alikuwa na miaka arobaini na saba. Akimpata malkia, angekaa jukwaani miaka mingine mingi na hakuna ambaye angethubutu kumgusa. Akimkosa, angebaki kuwa yaya wa kumimina chai kwenye michezo ya wengine, au afunge sanduku aende mikoani. Hilo kila mtu alilijua, mpaka mfagiaji. Arseni naye alilijua. Alipoutazama ule mchoro moyo wake ulijaa furaha, kwa sababu alidhani amempatia Glafira zawadi. Wakiuona, alisema moyoni, watajua malkia ni nani.

Ila jina hakuliandika. Wachoraji wengine wa mavazi huandika pale chini pembeni jina la mwigizaji atakayelivaa vazi. Arseni hakuwa akiandika mpaka nguo ipimwe mwilini. Ujanani aliwahi kuandika jina la mzee mmoja kwenye vazi la mfalme, na mzee akafa kabla ya sindano kuingia kitambaani. Watu wa jumba la maigizo wana miiko yao. Hawapigi mluzi jukwaani, na karatasi za maneno zikiwaanguka huzikalia kwanza ndipo waziokote. Kwa hiyo hakuna aliyemcheka Arseni kwa pembe yake tupu. Walikwishaizoea.

Siku ya kuonyesha michoro ilikuwa kama sikukuu. Samawari ikachemka, jemu ya cheri ikawekwa mezani na vikate vya mviringo, michoro ikabanwa ukutani kwa pini, na waigizaji wote wakaja na vikombe vyao kuona watavishwa nini.

"Arseni Lukich, baba yangu," akalia mzee Porfiri, aliyekuwa akiigiza wafalme, "mimi nimekukosea nini? Umenivisha gunia la viazi!"

"Ni gunia la kifalme, Porfiri Yegorich."

"Basi nishonee na viazi, nipate cha kula nikikaa uhamishoni."

Wakacheka, wakasukumana, wakafika kwenye mchoro wa malkia. Kicheko kikakatika. Mchoro ulikuwa mzuri mno, huo ndio ukweli. Ulikuwa mzuri kiasi cha kutia hofu. Na yule aliyesimama pale karatasini, mikono wazi, shingo imeinuka, alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu.

Glafira aliutazama kuliko wote. Mtu hajui bega lake linavyoonekana kwa wengine. Alichokiona yeye ni ule ujana.

"Haya, bibi mdogo," akasema, "hao wanao waliuawa lini? Kabla hujawazaa?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Yeye pia alicheka, lakini akageuza macho kumtafuta Arseni, akayaacha pale kwake, yanangoja. Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja lingetosha.

"Msicheke!" Valerian Ottovich alikuwa amepanda kwenye kiti. "Hili ndilo jicho, mabwana! Jambo ambalo sote tumeogopa kulitamka, yeye amelichora. Tumechoka na malkia wa kulia kwa mazoea. Huyu ameolewa mtoto, amezaa mtoto, amefiwa akiwa bado mbichi. Hapa ndipo panapouma!" Akamgeukia Arseni, miwani inameta. "Au nasema uongo, Arseni Lukich? Ulikuwa unamfikiria Ksenia, si ndiyo?"

Ksenia, binti mwembamba aliyekuwa akiigiza vijakazi na kulia nyuma ya jukwaa, akawa mwekundu mpaka masikioni.

Arseni akafungua kinywa. Akawaona wote wanamtazama, na jinsi wanavyomtazama: kwa kicho, kama mtu aliyefanya jambo la ushujaa. Ilikuwa tamu, kwa nini tufiche. Akawawazia wakisikia ukweli, kwamba mzee mzima amekaa chumbani kwake anamchora mchumba aliyemtelekeza, tena kwa umri aliokuwa nao alipomtelekeza. Porfiri peke yake angepata utani wa mwaka mzima.

"Mimi nimechora malkia," akasema.

"Mnasikia? Amechora malkia!" Valerian akaruka kutoka kitini, akachomoa kalamu ya wino mfukoni, na kwenye ile pembe tupu ambayo hakuna mkono wa mtu mwingine uliowahi kuigusa, akaandika kwa mwandiko wa kurembaremba jina la Ksenia.

Glafira akaweka kikombe mezani, taratibu, kisimwagike.

"Basi malkia apewe chai," akasema. "Mimi nina kikohozi, naenda kulala."

Arseni alijiona mnyonge usiku ule wote, na kulipokucha akafanya alichozoea kufanya akikosea: akachora. Malkia wa pili alikuwa mtu mzima, mwenye joho la mikono mirefu na kola iliyopanda hadi kidevuni. Lilikuwa vazi la heshima. Akaukunja mchoro, akaenda nao nyumbani kwa Glafira, akijisemea njia nzima kwamba leo mambo yatatengenea.

Glafira alifungua mlango mwenyewe, unga mikononi.

"Kung'uta viatu, usinijazie theluji. Ingia. Nina pai za kabichi jikoni, zikiungua lawama zako."

"Glafira Tikhonovna, nimechora upya. Tazama. Nitampelekea Valerian, nitamwambia nimebadili mawazo."

Akajifuta mikono, akaushika mchoro, akausogeza dirishani.

"Mikono mirefu," akasema.

"Ndiyo."

"Na kola mpaka hapa."

"Ni... inakufaa zaidi."

"Inanifaa zaidi." Alirudia polepole. "Yaani yule wa mikono wazi ni wa Ksenia, na mimi nifunikwe kama meza iliyokwaruzika."

"Sikusema hivyo!"

"Hukusema kitu, Arseni Lukich. Wewe husemi kitu. Kostroma ulisema neno moja tu, nitarudi, na hilo nalo ni heri usingelisema."

Mara ya kwanza katika miaka yote ile Kostroma ilitajwa, na ikatajwa hivyo, kati ya jiko na dirisha. Arseni akakosa pa kuweka macho. Glafira akamsogelea.

"Nakuuliza, unijibu. Yule wa kwanza, wakati unamchora, ulikuwa unamwona nani?"

Hapo, jamani, Mungu alikuwa amemfungulia mlango mara ya pili. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini akaona mara moja swali litakalofuata: kama ni mimi, mbona jana hukusema, na mimi nimesimama mbele yako? Kwa swali hilo hakuwa na jibu lolote ambalo mwanamume anaweza kulitoa bila kujidharau. Akalikimbia.

"Hakuna mtu," akasema. "Malkia tu."

Glafira akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Akaukunja mchoro wa mikono mirefu, akamrudishia.

"Chukua pai moja. Utaona njaa njiani."

Siku chache baadaye alimwandikia Valerian kwamba kikohozi hakiponi na nafasi ya malkia anaiacha. Valerian alisikitika sana mbele za watu.

Vazi likashonwa na Ustinya, mkuu wa mafundi cherehani, mama mnene aliyeongea na pini mdomoni na hajawahi kumeza hata moja. Alilikata joho kama lilivyochorwa. Siku ya kupima Ksenia akasimama juu ya kigoda, akavalishwa, bizimu ikafungwa, na joho likateleza.

"Linaniangukia, shangazi Ustinya!"

"Simama wima, kipenzi."

"Nimesimama!"

Ustinya akalipandisha, likateleza tena. Akazunguka, akalitazama kwa mbele, akalitazama kwa nyuma, akauangalia na mchoro.

"Arseni Lukich, hebu njoo. Huku umemchora bega liko chini, na mimi nimekata hivyohivyo, nikadhani ndivyo Wagiriki wavaavyo. Huyu mtoto mabega yake sawasawa. Niipandishe bizimu? Ni kazi ya dakika mbili."

"Hapana!"

Alisema kwa sauti iliyowashtua wote, na yeye mwenyewe ikamshtua. Siku ile ya chai sauti kama hiyo ilikuwa wapi?

"Liache kama lilivyo," akaongeza kwa upole. "Msiliguse."

Mafundi wakatazamana. Ksenia, ambaye hakuwa na ubaya wowote maskini, akasema basi atalishika kwa mkono. Akavusha mkono wa kulia kifuani, akashika kitambaa pale begani, akakipandisha. Arseni akageukia dirisha. Ustinya akadhani vumbi la sufu limemwingia machoni, akamwambia asiyafikiche.

"Arseni Lukich," Ksenia akamwita wakati anavuliwa, "Glafira Tikhonovna amenikasirikia?"

"Wewe hapana," akamjibu.

Usiku wa onyesho la kwanza jumba lilijaa mpaka juu kabisa, kule wanafunzi wanakosimama. Ksenia aliigiza vizuri, lazima tuseme haki. Lakini kilichowatoa watu machozi ni ule mkono. Kila alipopewa habari ya mtoto mwingine aliyekufa joho lilimteleza, naye akavusha mkono kifuani akalipandisha, polepole, kama mwanamke aliyepoteza kila kitu na bado anaona haya kukaa vibaya mbele ya watu. Wanawake walipekua mikoba yao kutafuta leso. Kesho yake magazeti yalisema Bwana mchoraji amefufua ishara ya huzuni ya Wagiriki wa kale. Wagiriki!

Arseni alikuwa pembeni ya jukwaa, jicho kwenye tundu la pazia. Glafira alikuwa amekaa safu ya tatu, nguo nyeusi, mkoba mapajani. Alimwona akitazama kama watazamavyo watu wa kazi, akipima, kichwa kimeinama upande. Joho likateleza mara ya kwanza, Ksenia akalipandisha. Likateleza tena. Na hapo Arseni akauona mkono wa Glafira ukitoka kwenye mkoba wenyewe tu, ukapanda, ukavuka kifua, ukalishika bega lake la kushoto. Ukabaki pale. Kisha akageuza uso, akatazama moja kwa moja kwenye lile tundu la pazia, maana alijua wachoraji husimama wapi usiku wa kwanza. Hakuwa na hasira usoni. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

Kabla ya Kwaresima ikajulikana kwamba Glafira Tikhonovna amechukua kazi Perm, huko mbali, karibu na milima. Arseni akaipata habari asubuhi ileile ya safari. Akaung'oa mchoro ukutani kwa Valerian bila kumwomba ruhusa, akakimbia barabarani bila kofia. Nyumba aliikuta tupu, mazulia yamekunjwa, sanduku kubwa limefungwa kamba katikati ya chumba, na Glafira ameshavaa koti la manyoya na shali.

"Umechelewa," akasema. "Gari liko chini, farasi wanaganda."

"Nimekuletea picha hii. Ni yako. Ilikuwa yako tangu mwanzo."

Akaupokea. Akatazama ile pembe yenye wino.

"Hapa pameandikwa jina la mtu."

"Hakuwa yeye."

"Najua hakuwa yeye. Nimeliona bega langu, Senya." Jina hilo hakumwita tangu Kostroma. "Nimeliona likitembea jukwaani, watu wanalilia, na mimi mwenyewe nimekaa kitini nimeshika mkoba."

"Glasha..."

"Neno moja tu. Siku ile ya chai ungesema, ni Glafira. Basi. Wangecheka, ndiyo, na mimi ningecheka nao, ningekutania mpaka ukome. Halafu ningevaa lile joho nikaigiza. Ningeliigiza, Senya, wewe unajua."

"Niliogopa kuchekwa," akasema.

"Najua. Hicho ndicho kinachoniuma. Ingekuwa kuna jambo kubwa ningekusamehe mapema."

Mpagazi akaingia kuchukua sanduku. Glafira akamwonyesha kwa mkono angoje kwanza kizingitini, kisha akakaa juu ya sanduku, akampisha Arseni nafasi.

"Haya, tukae kidogo."

Hakuna mtu wa nchi ile anayeondoka safari ndefu bila kukaa kwanza, kimya, safari ipate kuwa njema. Mpagazi naye akavua kofia, akaegemea mlango. Na hapo sasa, hapo hasa, maneno yote yakamjia Arseni kwa pamoja: banda la nyasi, kituo cha garimoshi cha Kostroma, ile miaka, ile asubuhi ya theluji na brashi ilivyokwenda yenyewe.

"Glasha, mimi siku ile..."

"Sss," akasema Glafira, bila ukali. "Sasa ndipo watu wananyamaza."

Wakakaa bega kwa bega. Shali ikamteleza upande wa kushoto, akaipandisha.

Kisha akainuka, akajifanyia ishara ya msalaba, akamwekea mchoro mikononi. "Mpe Ksenia. Ni mtoto mzuri, na jina lake limeshaandikwa." Akambusu kwenye paji la uso kama wanavyombusu ndugu aliyefiwa, akashuka ngazi nyuma ya mpagazi aliyebeba sanduku, na viatu vyake vikasikika mpaka chini, halafu kengele za farasi, halafu kelele za kawaida za mtaa.

Mpagazi alirudi juu kuchukua kikapu chake. Akamkuta yule bwana amesimama pale mlangoni na karatasi yake.

"Ni Glafira," Arseni akasema, kwa sauti, waziwazi, kama ambavyo angesema siku ile ukumbini.

Mpagazi akageuka. "Umesemaje, bwana?"

"Sijasema kitu," Arseni akajibu.